Ukurasa wa Bi Semeni

Nilirudi kwa Bi Semeni, kijijini Nambilanje, mara ya tatu wakati wa kukung'uta ufuta. Utafiti wetu ulihusu wazee wanaolima peke yao, naye alishaweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Siku hiyo kinasa sauti kiliishiwa chaji. Nikakitia mfukoni, nikashika ungo.

"Dunstan, unapepeta kama unafukuza nzi! Huko kwenu Sumbawanga hamna nyungo?"

"Zipo, mama. Mimi ndiye sina mikono."

Alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa na miezi mitano tangu nihamie Ruangwa, na hapakuwa na mtu mwingine aliyeniita kwa jina bila kuwa na shida nami.

Tukaendelea kupepeta. Bila kuulizwa, akanieleza habari za binti yake, Raudha. Majirani wanajua ameolewa Tunduru. Kumbe mama mwenyewe alimfukuza na mimba yake, miaka kumi na moja iliyopita, na hajui kama yuko hai.

"Hayo sijamwambia mtu, mwanangu."

Jioni, kwenye chumba changu cha kupanga, niliyaandika yote. Ukurasa mzima. Katika mahojiano yangu yote sikuwa na maelezo mazuri kama yale. Lakini nilipoyasoma tena, niliona kwamba hakuwa amemwambia mtafiti; alimwambia mwanawe.

Asubuhi nilirudi.

"Mama, yale ya jana, ya Raudha. Naomba kuyatumia. Jina lako halitaonekana. Ukikataa, hakuna ubaya."

Akaacha kufagia.

"Jana ulikuwa kazini?"

"Hapana, mama. Ila nilipofika nyumbani, niliandika."

"Uliandika."

"Ndiyo."

Alinyoosha mkono. Nikauchana ule ukurasa kutoka kwenye daftari nikampa. Hajui kusoma, lakini aliutazama juu mpaka chini, kisha akaenda nao jikoni, kwenye moto.

Ningeweza kuuchana kwangu, kimya kimya, asijue. Nalifikiria hilo mpaka leo. Sikuuchana kwa sababu nilikuwa bado nautaka.

Alirudi akijifuta mikono kwenye kanga.

"Yamebaki maswali mangapi?"

"Sita, mama."

"Uliza, bwana."

Niliwasha kinasa sauti, nilichokuwa nimekichaji usiku. Aliyajibu yote sita, kwa sauti ya juu na maneno yaliyonyooka, kama anavyowajibu watu wa serikali. Kisha akaniuliza kama nimemaliza.

Nikasema nimemaliza.