Swali la Arobaini na Mbili

Mnunuzi wa kwanza alikuja na gari la fahari la kukodi, akaondoka bila kulipia chai. Wa pili alipigwa picha katikati ya uwanja akiwa ameinua skafu ya klabu juu ya kichwa, akaahidi kuipandisha timu ya soka ya Askerdale Town madaraja matatu kwa miaka mitatu. Benki aliyoitaja ilipoulizwa ikasema haimfahamu. Wa tatu alikuwa na fedha kweli, ila alipoambiwa kwamba ardhi ni ya halmashauri ya mji na hapo hakitajengwa chochote zaidi ya uwanja, aliangalia saa yake akakumbuka kwamba ana miadi Leeds. Wilf Ormerod, mtunza uwanja, aliwaona wote watatu wakizikanyaga nyasi zake kwa viatu vya ofisini.

Akabaki mmoja. Huyu alikuwa Trevor Duxbury, muuzaji wa nyumba za magurudumu za kupumzikia pwani, mtu mwenye sauti kubwa na mikono mifupi. Ligi nayo ilikuwa imeshatoa siku ya mwisho: Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Klabu isipokuwa na mwenyewe kufikia hapo ingefutwa, na miaka yake mia na kumi na tisa ingeishia kwenye barua ya aya mbili.

Jumanne asubuhi Rukhsana Mirza, mfilisi aliyeteuliwa na mahakama baada ya viongozi kuzila fedha za klabu, alikwenda kibanda cha Wilf akiwa na karatasi mkononi. Alikuwa mwanamke wa Manchester, mpole, na kwa wiki kumi alikuwa akiitafutia klabu mnunuzi kama mtu anayemtafutia mume binti mwenye ulimi mkali.

"Bwana Ormerod, dakika mbili tu. Kuna fomu."

"Kila siku kuna fomu, binti yangu. Nyasi zimeota miaka yote hii bila kujaza hata moja."

"Hii anaitaka Duxbury. Ina maswali hamsini. Arobaini na tisa nimeyajibu mwenyewe, hili la arobaini na mbili ni lako." Akasoma: "Je, kuna kitu chochote kilichozikwa chini ya uwanja ambacho muuzaji anakijua?"

Wilf aliweka kikombe chini. "Ya chini yanamhusu nini?"

"Anataka kuweka nyasi bandia, akodishe uwanja wiki nzima. Atachimba nusu mita, kona hadi kona. Ameniambia kabisa, akisikia kuna bomba la gesi au shimo la zamani la makaa ya mawe, hayumo. Naihitaji Alhamisi jioni, na sahihi yako."

"Bomba hakuna."

"Basi andika hakuna, tumalize."

"Niachie kalamu," Wilf alisema.

Rukhsana alipoondoka, Wilf alifungua droo ya misumari akatoa daftari la shule lenye jalada jekundu. Ndani yake mlikuwa na majina thelathini na moja. Askerdale watu wengi wakifa huchomwa, na baadhi ya watu huacha maagizo kwamba majivu yao yasipelekwe kwingine ila uwanjani. Familia zilikuja Jumatatu asubuhi, wakati hakuna mtu. Wilf alikuwa amejifunza mapema kwamba majivu yakimwagwa juu huua nyasi, kwa hiyo alikata pande la nyasi la mraba, akachimba kiganja kimoja, akayaweka humo, akalirudisha pande mahali pake na kulimwagilia maji. Kisha aliandika. Haworth, Stanley: lango la kusini, hatua nne kutoka nguzo ya kushoto. Pilling, Agnes: mbele ya benchi la wageni, ili awasumbue.

Jina la thelathini na moja lilikuwa Ormerod, Muriel. Mkewe alikaa lango la tiketi namba tatu kwa miaka ishirini na sita, akimjua kila mtoto aliyedanganya umri. Hospitalini, Wilf alipomwuliza kama angependa konani, penye kivuli, alimkatalia.

"Konani? Timu hii haijapata kona tangu Krismasi! Niweke nukta ya katikati, bwana. Hata wakicheza vibaya, lazima waanzie kwangu."

Alimweka hapo. Kila Jumamosi mechi ilipokwisha na watu kutawanyika, alitembea hadi katikati akamwambia matokeo. Mara nyingi matokeo yalikuwa mabaya, na aliyapunguza kidogo.

Siku nzima ya Jumanne hakuigusa ile kalamu. Akiandika ukweli, Duxbury atakimbia na klabu itakufa. Akiandika uongo, tingatinga litamchota Muriel pamoja na majirani thelathini na kuwatupa jalalani. Alikuwa na hasira na kila mtu: na Duxbury, na wale waliokula fedha za klabu, hata na Muriel kwa kutokubali makaburi ya kanisa kama watu wengine. Lakini kila alipofikiria kuukataa uuzaji alijiuliza swali lilelile. Klabu ikifa, mke wangu atakuwa amelala katikati ya nini?

Jumatano asubuhi alibisha kwa Cyril Haworth, mdogo wake Stanley, fundi bomba mstaafu aliyekuwa akikaa nyumba ya tatu kutoka uwanjani.

"Cyril, inabidi tumhamishe kaka yako."

"Amefanya nini?"

Wilf alimweleza yote pale mlangoni. Cyril alisikiliza huku akijikuna kidevu.

"Yaani tuwang'oe ili klabu ipone."

"Ndiyo."

"Stan alilipa ada yake miaka hamsini, halafu leo anafukuzwa na muuza magari ya kulalia." Akavuta pumzi. "Ngoja nichukue toroli."

Wilf alipiga simu kwa wengine. Wapo waliolia, na mmoja alimtukana kisha akapiga tena kuomba radhi. Siku hiyo na asubuhi ya Alhamisi walikuja na ndoo, na masanduku ya mboga, na gari la kusukumia mtoto. Wilf alikata mapande kwa koleo la ncha kali, akachimba chini ya kila pande mpaka udongo ulipobadilika rangi, akampa kila mtu pande lake na udongo wake. Nyasi ambazo alizichana kama nywele kwa miaka thelathini na nane zilibaki na mashimo thelathini, naye alijisikia aibu, kama aliyekutwa akiiba.

Saa tisa alasiri alifika katikati. Alipiga koleo mara moja, kidogo, halafu akasimama. Alijaribu tena. Mikono iliyowachimbua watu thelathini haikutaka. Angemweka wapi, kwenye chungu cha maua pale anapoishi, ghorofa ya pili? Alilichomoa koleo, akaushindilia ule ufa kwa kisigino mpaka ukazibika, akarudi kibandani. Kwenye swali la arobaini na mbili aliandika: Hakuna. Akatia sahihi. Ulikuwa uongo unaomhusu mtu mmoja tu, na alijua hivyo wakati akiuandika.

Rukhsana aliichukua fomu, akatazama dirishani.

"Bwana Ormerod, yale mashimo ni ya nini?"

"Fuko."

"Fuko wanachimba mraba?"

"Wa huku kwetu, ndiyo. Wamesoma."

Rukhsana akaiweka fomu kwenye mkoba.

Ijumaa watu wapatao mia mbili walisimama nje ya geti, wakila pai na kutazama simu zao. Saa kumi na dakika kumi Rukhsana alitoka ofisini, akapita katikati yao, akaenda moja kwa moja kibandani.

"Amejitoa," alisema. "Amenunua kiwanja kidogo cha gofu, karibu na biashara yake. Ujumbe wa mistari mitatu."

"Ni kwa sababu ya fomu?"

"Fomu hakuifungua. Naona hapa kwenye simu, niliituma jana na bado haijasomwa." Akakaa kwenye gunia la chokaa bila kujali sketi yake. "Samahani, Bwana Ormerod. Sana."

Wilf alimmiminia chai. Saa kumi na moja ilipita wakiwa wamekaa hivyo. Huko nje watu waliondoka mmoja mmoja.

Jumamosi, kwa kuwa hakujua pengine pa kwenda, aliwasha mashine akakata nyasi, akiyakwepa mashimo. Saa tisa kamili, saa ya mechi kuanza, alisimama kwenye nukta ya katikati. Kwa mara ya kwanza hakuwa na matokeo ya kupunguza. Alimwambia Muriel kwamba klabu imekwisha, kwamba amewapeleka wenzake wote majumbani na yeye amemwacha peke yake kwenye kiwanja cha mashimo, na kwamba hana la kujitetea. Alilia kwa sauti, mzee wa miaka sabini na moja mwenye chokaa viatuni.

Geti lililia. Cyril Haworth alikuwa anaingia na toroli, akipumua kwa shida, na ndani ya toroli kulikuwa na pande la nyasi lililoanza kuwa la njano pembeni.

"Nimemrudisha," alisema. "Pale bustanini hana wa kumzomea."

"Cyril, klabu hakuna."

"Nasoma magazeti, Wilf. Nimekuuliza habari za klabu?" Alielekeza kidevu kwenye nukta. "Huyo umemwacha?"

"Nimemwacha."

"Nilijua tu. Sasa unataka akae peke yake na wewe? Si atachoka, maskini, kukusikiliza?"

Nyuma yake, barabarani, binti wa Agnes Pilling alikuwa anashuka kwenye gari na ndoo mikononi, na nyuma yake lilikuja lile gari la kusukumia mtoto. Wilf alifuta uso kwa mkono wa koti. Alitoa daftari jekundu mfukoni, akalifungua penye jina la Stanley, ingawa alikuwa ameuhifadhi ukurasa wote kichwani.

"Hatua nne kutoka nguzo ya kushoto," alisema, akaenda kuchukua koleo.