Siku Sufuria Iliponuna

Kitoto cha plastiki kilipogonga jino langu, nilifanya afanyavyo kila mwanamume mwenye akili hapa Apizaco: nilikisukuma chini ya ulimi, nikaendelea kutafuna. Ilikuwa tarehe sita Januari, sikukuu ya Wafalme, na mkate wa duara, unaookwa na kitoto kimefichwa ndani, ulikuwa umekatwa mezani. Anayekuta kitoto ndani ya kipande chake ndiye atakayewalisha wenzake tamale, unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda ya mahindi ukaiva kwa mvuke, siku ya Kandelaria, tarehe mbili Februari. Sheria hiyo haina rufaa.

Mke wangu Eduviges alinitazama. Miaka arubaini na mitatu ya ndoa humpa mtu macho ya forodha.

"Hilarión," akasema, "sema kitu."

Nikatikisa kichwa.

"Mtu huyu hajanyamaza tangu tuoane," akawaambia wengine. "Tema."

Nikatema. Binti yetu Nereida akapiga makofi. Mumewe Wulfrano, anayeuza bima na kujua kila kitu, akasema bora ningemeza, plastiki ile haidhuru. Namjua mtu wa stesheni aliyemeza saba kwa miaka saba, na alipopigwa picha hospitalini daktari akawakuta wameshikana mikono wanacheza duara. Lakini hilo si la leo.

La leo ni kwamba miaka yote, kitoto kimwangukie nani, tamale zilipikwa na Eduviges. Safari hii alifuta mikono kwenye aproni, akakaa.

"Mikono yangu imestaafu," akasema. "Wewe reli walikupa saa ya ukutani. Mimi sikupewa kitu, ila nimestaafu. Tamale utazitafuta wewe. Zikiwa mbovu, hakuna hadithi mezani kwangu mwaka mzima, mpaka mkate mwingine wa Wafalme."

"Hata fupi?"

"Hata habari za mvua."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Mtu amefunga breki za treni za mizigo miaka thelathini, goti limekwisha, meno yanahesabika, amebaki na nini? Mdomo. Nikinyang'anywa hadithi, pale mezani nitakuwa mzee anayeomba apitishiwe chumvi.

Bahati yangu, mahali nilikuwa napajua. Mwezi Novemba nilipata pancha barabara ya Huamantla, nikawa nasubiri tairi kwa fundi, harufu ikanishika sikio ikanivuta mpaka nyuma ya gereji. Meza nne, vitambaa vya plastiki vyenye maua, mlangoni hakuna hata kibao. Mwenye mahali, doña Crescencia, ni mwembamba kama ufagio, na unga wake wa mahindi huupiga na mafuta kwa mkono mpaka kidonge chake ukikitupa kwenye glasi ya maji kinaelea. Nilikula mbili. Nikarudi nyumbani nikasema, "Nimekula tamale nzuri." Basi. Nikakosea hapo hapo. Wamezoea nikisema jambo natia chumvi. Nilipoacha kutia, wakadhani nimelishwa vibaya.

Siku ikafika. Tulitoka misani, Eduviges amempakata Mtoto Yesu wetu wa udongo, kavaa kanzu mpya aliyomshonea, kabarikiwa tayari. Wulfrano aliendesha.

"Pinda pale kwenye matairi," nikasema.

"Baba, pale ni gereji," akasema Nereida.

"Ametuleta tubadilishwe," akasema mama yake.

Tukapita kati ya jeki na mirija ya upepo. Eduviges alifuta kiti cha tano kwa leso, akamkalisha Mtoto Yesu. "Huyu shahidi," akasema, akageuza uso kuelekea ukutani. Madereva wawili wa malori walikuwa wanamalizia tamale za mwisho za sufuria ya kwanza. Walipotoka wakatutakia mlo mwema kama ilivyo adabu. Wulfrano akaangalia sahani zao tupu kwa huzuni.

Sufuria ya pili ilikuwa motoni. Tuliisikia: chini kwenye maji doña Crescencia huweka sarafu, ikigongagonga unajua maji bado yapo. Tukaletewa uji wa mahindi wenye mdalasini. Tukaumaliza. Sarafu inagonga. Tukaletewa mwingine.

Saa nzima ikapita, doña Crescencia akatoka jikoni na uso wa mtu aliyetukanwa.

"Ziko motoni kwa saa mbili sasa," akasema. "Maji yanachemka, sarafu inaimba, na unga ni mbichi kama nilivyoupanga. Nani kanuna kwenye meza hii?"

"Mama, labda gesi inaisha," akasema Wulfrano.

"Napikia kuni, mwanangu."

Akatupitia mmoja mmoja. "Mimi sijanuna, nina njaa," akasema Nereida. Macho yakafika kwa Eduviges, yakatua.

"Ni wewe, dada."

Eduviges hakuweza kukana. Kwetu hakuna asiyejua kwamba tamale haziivi palipo na hasira. Yeye mwenyewe huyafunga masikio ya sufuria kwa nyuzi za maganda ya mahindi isisikie ugomvi, na mimi hunifukuza jikoni kwa ufagio.

"Aliyenuna hucheza mbele ya sufuria," akasema doña Crescencia. "Ndiyo dawa."

"Mimi nina goti," akasema Eduviges.

"Nani hana goti?"

Wulfrano akatoa funguo mfukoni. Akasema kule kwenye maduka mapya kuna mkahawa safi, menyu ina picha za vyakula, mtu haumizi kichwa. Nereida akaanza kukunja shali yake. Nikaona mwaka wangu mzima umekaa mbele yangu, na mimi ndani yake naomba chumvi.

Nikainama kwa mke wangu. "Vige, umekasirika kwa kile kitoto nilichoficha?"

"Kitoto kitu gani," akasema polepole. "Miaka arubaini na mitatu, kila Februari, nasimama na sufuria. Wewe unasimulia, wao wanacheka, mimi nafunga maganda. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza, Eduviges, umechoka?"

Hadithi tatu zilikuwa tayari mdomoni mwangu, mojawapo ile ya nyumbu aliyeipita treni ya Veracruz kwenye mlima kisha akarudi kuicheka. Nikazimeza zote tatu, na zilikuwa kubwa kuliko kitoto chochote.

"Ni kweli," nikasema. "Sikuuliza."

Akasubiri yaliyobaki. Hayakuja.

"Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo tu."

"Basi unaumwa," akasema, lakini pembe ya mdomo wake ilikuwa imeshacheza kabla ya miguu. Akampa Nereida Mtoto Yesu amshike, akaninyooshea mkono.

Redio ilikuwa ya fundi wa matairi. Aliposikia kuna nini jikoni akaipandisha sauti, na bahati ikaleta danzón, ile dansi ya polepole ya wazee. Tukacheza kati ya kuni na sufuria, mahali pasipotosha kugeuza toroli, goti lake bovu la kushoto na langu la kulia, tukapata mawili mazima. Doña Crescencia akatupigia makofi. Wulfrano akarudisha funguo mfukoni.

Wimbo ulipokwisha, na mwingine baada yake, mfuniko ukafunguliwa. Mvuke ukatumeza. Tamale ya kwanza ikawekwa mbele ya Eduviges, na sote tukainama kuangalia, maana tamale haisemi uongo: ikiwa mbichi, unga hung'ang'ania ganda.

Akashika ncha kwa vidole viwili, akavuta. Ganda likatoka safi kama bahasha tupu.

Ndani unga ulitetemeka kidogo, mchuzi mweusi wa mole, ule wa pilipili na kakao, ukachungulia. Akala amefumba macho. Akala ya pili, ya pilipili na jibini. Akala ya tatu. Wulfrano alikula tano bila kutoa maoni.

"Dada," Eduviges akamwita doña Crescencia, "unga unaupiga mpaka lini?"

"Mpaka mkono uombe msamaha."

Akaitikia kwa kichwa, kama fundi kwa fundi. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, "Hizi zimezipita zangu." Nereida akashusha uma. Maneno hayo hatukuwahi kuyasikia katika maisha yetu. "Na utamu wake mkubwa," akaendelea, "ni kwamba sikuzipika."

Akafuta vidole, akanigeukia.

"Hilarión, sema kitu."

Nikasema. Nilianza na nyumbu, nikapitia vitoto saba, na nilipofika kwenye mlima fundi wa matairi alikuwa ameshaingia na kiti chake, na gari la mtu huko nje liko juu ya jeki.

Jioni jirani yetu Gaudencia akauliza kutoka ng'ambo ya ukuta tulikula wapi. Eduviges akaweka ndoo chini.

"Usiniulize, mwenzangu. Tulicheza saa nzima mbele ya sufuria, mpaka mfuniko ukaruka ukagonga dari."

"Nyimbo mbili," nikasema. "Na mfuniko haukuruka."

"Wewe ungejuaje?" akasema bila kugeuka. "Hukuwa unaitazama sufuria. Ulikuwa unanitazama mimi."

Hilo lilikuwa kweli, nikamwachia aendelee.