Kidole cha Yar

Jumanne saa nne asubuhi, katika ofisi ya usajili mjini Lodwar, Abei alifuta jasho kwa sketi, akaweka kidole juu ya mashine. Alikuwa amepata kazi ya kufundisha chekechea, kikabaki kitambulisho tu. Kwenye skrini akatokea msichana mwingine, mrefu, akipepesa macho kwa mwanga.

"Wewe si Abei," karani Ebenyo akasema. "Kompyuta inasema wewe ni Yar, mkimbizi wa Kakuma."

Abei hakubisha, akamweleza. Mwaka ule wa njaa mamake alikuwa akiuza makaa kambini. Yar, binti wa mteja wake Adhel, alifariki Alhamisi. Ijumaa wakimbizi wakapangwa foleni, wachovye vidole kwenye wino ili waandikishiwe mgao wa mahindi. Adhel, machozi hayajakauka, akamshika mkono mtoto wa muuza makaa, akampanga badala ya wake. Kuna watakaosema huo ni wizi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Abei alikula mahindi ya marehemu miaka minne, ndiyo maana yu hai. Sasa makaratasi ya kambi yameingizwa kwenye kompyuta, na humo ndani Yar amekua hadi miaka ishirini na tatu.

"Huyo mama akuje aseme wewe si mtoto yake," Ebenyo akasema. "Nafuta Yar, unapata kitambulisho."

Adhel alifika Jumatano, amevaa nguo ya kanisani. Abei akaweka kidole.

"Mama, umezeeka," Yar akasema kutoka kwenye skrini.

"Na wewe umerefuka." Adhel akavuta kiti.

"Mahindi yangu alikula nani?"

Adhel akamwonyesha Abei.

"Yalikuwa matamu?"

"Yalikuwa na wadudu," Abei akajibu.

Ebenyo akakohoa. "Mama, sema. Nifute?"

Adhel akatazama skrini, kisha Abei. "Mimi nilishazika huyu mara moja. Sema wewe, mtoto yangu."

Kidole kilikuwa kimekufa ganzi. Abei aliwaza watoto wa chekechea.

"Acha kwanza," akasema. Hakukitoa kidole mpaka ofisi ilipofungwa.

Chekechea ikapata mwalimu mwingine. Abei anauza makaa, kama mamake. Kila Jumatano Adhel huja kutoka Kakuma na kitu cha kumsimulia bintiye. Ebenyo huwasha mashine na, kwa kuwa ndio utaratibu, hutafuta kwanza jina la Abei.

"Hayuko," husema, na Abei humsogezea Adhel kiti karibu na skrini.