Tisa wa Ujerumani, Sitini wa Songea

Hotelini kwetu West Bay tulikuwa akina Miriam watatu: Mfilipino wa mapokezi, Mlebanoni wa saluni, na mimi, Mngoni wa Songea, mhudumu wa mgahawa wa asubuhi. Mgeni akimsifu Miriam mtandaoni, tunabaki tunagombania sifa. Basi mudir, ndivyo tunavyomwita meneja hapa Doha, akaamua kwamba mimi nivae jina la ukoo. Akafungua pasipoti yangu, akasoma, akacheka peke yake, na wiki ile ile nikabandikwa beji kifuani: DROSSENBECK.

Wenzangu walinitania mpaka wakachoka. Akinyi, Mkenya ninayelala naye chumba kimoja kule Muaither, akawa ananiamsha asubuhi kwa kuniita Madam Germany. Nikamwambia cheka tu shoga yangu, asiyejua maana haambiwi maana.

Miezi minne ikapita bila mgeni kuuliza. Halafu akaja mzee mmoja Mjerumani, mhandisi mstaafu, amekodi chumba mwezi mzima kwa sababu kampuni fulani ilitaka ushauri wake. Mayai mawili ya kuchemsha, mkate mweusi, chai bila maziwa. Siku ya tatu nilipomwinamia kumimina chai, akaisoma beji, na kijiko kikamponyoka. Akaishika ile beji kwa vidole viwili hapo hapo kifuani kwangu, kisha akajishtukia, akaachia, akaomba radhi mara tatu.

"Jina hili umelipata wapi?"

"La babu yangu, sa."

"Mimi ni Ulrich Drossenbeck," akasema.

Akaacha mayai yake, akapanda lifti, akarudi na tableti. Nikajua leo sitoki mezani hapo. Mzee yule alikuwa na miaka ishirini anawahesabu wenye jina lake. Akanieleza chanzo chake: huko kwao kuna kijito kilichoitwa Drosse, na kando ya kijito palikuwa na kinu kimoja cha kusaga ngano, na watu wote wenye jina hilo duniani wametokana na mwenye kinu kile. Hawakuwahi kuwa wengi. Vita viwili vikawamaliza. Akanionyesha ramani ya Ujerumani nzima, nyeupe, yenye vidoti vyekundu tisa.

"Tisa tu," akasema. "Wanne wamepita miaka sabini. Hakuna mtoto wa kulirithi. Na kwenu mko wangapi?"

Nikahesabu harakaharaka kichwani: baba zangu wadogo, mashangazi, wana wao, wajukuu waliopewa jina la babu.

"Kama sitini."

Macho yakamjaa maji. Kisha akaniambia kilichomliza. Babu wa baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la Kijerumani kusini mwa nchi yetu, miaka ile ya vita vya Majimaji. Nyumbani kwao ilisimuliwa siku zote kwamba wenyeji walimpenda sana. Yeye alikuwa na mashaka kidogo, lakini sasa ameona ushahidi kwa macho yake. Watu hawampi mtoto jina la mtu wasiyempenda.

Mimi mdomo wangu hauna breki, muulize yeyote Muaither. Nimegombana na dereva wa basi la wafanyakazi, nimegombana na mpishi mkuu. Lakini asubuhi ile nilishika birika, nikammiminia chai, nikasema, "Furahia kifungua kinywa chako, sa." Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kesho yake mudir akaniita ofisini, meno yote nje. Bwana Ulrich anatimiza miaka sabini Ijumaa. Drossenbeck saba kati ya wale tisa wanakuja Doha kula naye chakula cha mchana. Wanacho kitabu cha ukoo kinachosubiri kwenda kiwandani kuchapwa, na wanataka ukurasa mmoja uwe wangu. Nitakaa nao mezani kama mgeni, nitasimulia jinsi jina lao lilivyofika Songea, nitatia saini chini ya ukurasa, nitapigwa picha.

"Na mkataba wako," akasema, akiigonga droo ya meza, "unaisha tarehe thelathini. Barua ya kukuongezea miaka miwili imo humu. Haijasainiwa. Ijumaa ikienda vizuri, nasaini jioni ile ile."

Akanipa nakala ya ukurasa niusome nijiandae. Ulikuwa na mistari michache ya Kiingereza. Ulisema kwamba wenyeji, kwa shukrani na upendo, walimpa mtoto wao jina la ofisa huyo, na kwamba hadi leo wajukuu wanalibeba kwa fahari. Chini yake pameachwa mstari wa saini yangu.

Jioni nikamwonyesha Akinyi. Alikuwa anakaanga vitunguu kwenye jiko letu la wote.

"Sasa shida iko wapi?" akasema. "Sign hiyo karatasi, kula keki ya watu, smile. Mtoto wako yuko college, ama umesahau?"

Sijasahau. Pamela wangu yuko mwaka wa pili chuo cha uuguzi, na hana mwingine wa kumsomesha ila mimi. Nikamwambia azime jiko akae, nikamsimulia kile ambacho huwa hatuwasimulii watu wa nje.

Yule ofisa alimnyonga baba wa babu yangu. Alimnyonga pamoja na wenzake, mchana, mbele ya wake zao waliokuwa mateka. Mjane wake alikuwa na mimba ya miezi tisa, na siku ya tatu akajifungua mtoto wa kiume, ndiye babu yangu. Sisi kwetu mtoto huitwa kwa lililotokea. Aliyezaliwa kwenye njaa tunamwita Njaa, wa kwenye taabu tunamwita Taabu. Mama yule akauliza jina la mzungu aliyetoa amri. Alipoambiwa, akasema hilo ndilo jina la huyu. Hawa wataondoka, akasema, na wakishaondoka watasahau, lakini mimi kila nikimwita mwanangu aje kula nitakumbuka ni nani aliyefanya. Alipompeleka misheni kubatizwa, padri Mjerumani alifurahi sana. Alidhani ni heshima. Akaliandika kwenye kitabu cha ubatizo bila kukosea herufi hata moja.

"Ngai, Mungu wangu," akasema Akinyi taratibu.

"Babu alilichukia jina hilo maisha yake yote, na akalitunza," nikamwambia. "Kila mtoto wa ukoo akifika miaka saba anasimamishwa mbele ya wazee. Babu anauliza, nani alimnyonga baba yangu? Unajibu, Drossenbeck. Anauliza tena, na mimi naitwa nani? Unajibu, Drossenbeck. Ukimaliza unapewa paja la kuku. Halafu anakuvuta, anakunong'oneza sikioni jina la baba yake, yule aliyenyongwa. Hilo hatulitaji ovyo. Babu alisema litatajwa siku mtu wa ukoo wa yule mzungu atakapoliuliza."

"Na kuna mtu ameshauliza?"

"Miaka mia na ushee. Hakuna."

Akinyi akageuza vitunguu ingawa jiko lilikuwa limezimwa. "Lakini wewe si babu yako," akasema baadaye. "Wafu hawalipi fees." Alikuwa anasema kweli.

Siku tatu sikula vizuri. Mara nasema natia saini, karatasi ni karatasi tu, nani Songea atakisoma kitabu cha Kijerumani. Mara namwona babu na macho yake yenye mtoto wa jicho, mkono wake mkavu juu ya kichwa changu, nalia kwa woga nikiwa na miaka saba na paja la kuku mkononi. Alhamisi nikampigia Pamela nimsikie sauti tu. Akaniambia ameanza mazoezi wodini, amevaa sare, wauguzi wenzake wanamwita Sista Drossenbeck. Anatumia jina la babu yangu kama mimi, ndivyo tulivyomwandikisha shule. Nikakata simu nikidanganya mtandao mbovu.

Ijumaa mudir akanivalisha koti jeusi la mapokezi. "Beji ivae," akasema, "ndiyo wanataka kuipiga picha." Mezani walikuwa saba na mzee Ulrich mwenyewe wa nane, watu wa kawaida kabisa, wapole, mmoja amefungwa plasta mguuni. Walisimama wote kunipa mkono. Mama mmoja aitwaye Heike, binti wa kaka wa mzee Ulrich, akanikumbatia na kuniita binamu. Ingekuwa rahisi kama wangekuwa wabaya.

Tukala, ila mimi niligusagusa tu. Mudir alisimama kando ya nguzo, mikono nyuma, ananitazama. Keki ikaletwa. Mzee akafungua kitabu kikubwa chenye kurasa za majaribio, akausoma ule ukurasa kwa sauti, kisha akaniwekea kalamu mbele.

"Lakini kwanza tueleze kwa maneno yako, Miriam. Mlilipataje jina letu?"

Niliitazama kalamu. Nikamwona Pamela na sare yake. Nilitaka kabisa kuishika kalamu ile, sitadanganya. Ila mdomo wangu ulikuwa umefungwa wiki nzima na ulikuwa umechoka.

"Kwetu jina hili halielezwi, mzee wangu," nikasema. "Kwetu tunaulizwa. Niulize: nani alimnyonga baba wa babu yako?"

Mudir akajitoa kwenye nguzo. Heike akacheka kidogo, akidhani Kiingereza changu kimenipotea. Mzee Ulrich hakucheka. Tabasamu lilimtoka polepole, na akauliza kama nilivyomwambia, neno kwa neno.

"Nani alimnyonga baba wa babu yako?"

"Drossenbeck," nikasema. "Na babu yangu aliitwa nani?"

Mwishowe mzee mwenyewe akalisema, kwa sauti ya chini, jina lake.

Nikawaeleza yaliyobaki kwa sentensi nne au tano: mjane, siku tatu, padri aliyefurahi. Nikawaambia sisi sitini hatulibebi jina lao kwa fahari wala kwa shukrani, tunalibeba lisipotee. Yule mwenye plasta akasimama kwa taabu akasema haya ni matusi, tena kwenye siku ya kuzaliwa ya mtu, nani amemtuma huyu mwanamke. Mudir alikuwa ameshanifikia. Akanishika kiwiko, huku akiwaomba radhi kwa lugha tatu, akanipeleka jikoni mlango ukiyumba nyuma yetu.

"Beji," akasema.

Nikaivua nikampa.

"Khalas, imekwisha. Barua naichana. Tarehe thelathini unapanda ndege."

Akarudi nje kuwahudumia wageni wake. Wapishi wakajifanya wanakata karoti. Mimi nikaegemea friji nikalia, kwa hasira kwanza, halafu kwa hofu, kwa sababu nilikuwa nimeuchoma moto muhula wa mwanangu kwa ajili ya watu waliokufa kabla baba yangu hajazaliwa. Niliwaza nitamwambiaje Pamela. Niliwaza huenda Akinyi alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Mlango ukafunguliwa. Ni mzee Ulrich, kitabu amekikumbatia, kalamu mkononi, amesimama kwenye sakafu yenye maji na viatu vyake vizuri.

"Iko shajara yake," akasema. "Babu wa baba yangu. Niliisoma nikiwa kijana. Ameandika hali ya hewa, farasi wake, mwaka ule, mwezi ule. Ameandika kumi na saba kwa siku moja. Idadi tu. Nikajiambia ni watu waliokufa vitani. Nilipoona beji yako nilitumaini utaniambia nilikuwa sahihi."

Sikutaka kumfariji.

"Nimewahesabu wa kwetu hadi mtu wa mwisho," akaendelea. "Wale hawana majina popote." Akafungua ule ukurasa wangu, akapiga mstari mnene kuanzia juu hadi chini, maneno yote. Kisha akaniangalia. "Alikuwa anaitwa nani?"

Nikashika ukingo wa meza ya kukatia mboga. Babu alingoja miaka karibu tisini, akafa akingoja. Baba yangu naye vilevile. Na swali lenyewe likaja jikoni, siku nimefukuzwa kazi, sina hata beji.

"Nitazungumza na meneja wako," mzee akasema. "Kosa ni langu. Nitamwambia sasa hivi."

"Hilo baadaye," nikasema. "Kwanza andika."

Mpishi mmoja akasogeza karoti zake. Mzee akakiweka kitabu juu ya meza, akainama, nami nikamtajia lile jina nililonong'onezwa nikiwa na miaka saba, kwa sauti, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Magwaza. Akaniomba nimtajie herufi moja moja. Akaandika tatu za mwanzo, akasita, akauliza ya nne ni V au W. Nikamwambia ni W, na aandike kwa herufi ndogondogo ili nafasi ibaki, kwa sababu wapo wengine kumi na sita walionyongwa naye, na shangazi yangu kule Songea anayajua majina yao.