Uongo wa Pili wa Philomène

Tangu vita mpaka leo napeleka chakula gerezani Kindu, maana serikali yetu kufunga watu inajua, kuwalisha haijui. Anayekula chakula hicho ni kaka yangu, Muhindo.

Alikuwa akichuuza chumvi kwa baiskeli. Askari wakamnyang'anya baiskeli, na kesho yake jirani yetu Isidore akapigwa risasi. Baiskeli ilikutwa kando ya maiti. Mahakamani, Philomène, muuza mchele wa Kibombo, aliapa kwamba alimwona Muhindo akiua. Alipokuwa akisema, kamanda wa askari wale alikaa mstari wa mbele, amempakata Aimé, mtoto wa Philomène, anambembeleza. Nikasema moyoni: kumbe ni hawara wake! Muhindo akafungwa maisha, nami nikamchukia mwanamke yule hata sokoni nikawa nabadili njia nikimwona.

Mwaka jana kamanda alikufa. Haikupita wiki, Philomène akaingia dukani kwangu.

"Kavugho, nilidanganya. Kamanda alinibebea mutoto, akamushika kwake. Alisema nikitamka neno ingine kuliko lake, mutoto harudi."

Nilitaka kumzaba kofi. Nikamshika mkono, nikamburuta mpaka kwa wakili wetu, Maître Zéphirin.

Maître alisikiliza, akavua miwani. "Kukana ushahidi haitoshi, mama. Kesi ya Muhindo itarudiwa tu kama wewe umehukumiwa kwa ushahidi wa uongo. Lakini ukieleza ulilazimishwa, juge wa mahakama atakuachilia. Utarudi nyumbani, na Muhindo atabaki ndani."

Kwa hiyo ukweli wenyewe ungemfungia kaka yangu mlango. Nilitukana sheria pale pale, mbele ya Maître. Philomène akauliza mahali pa kwenda kujishitaki.

Siku ya kesi yake chumba kilijaa. Juge alimwangalia kwa huruma. Naye alikulia Kindu, vita anavijua.

"Mama, nani alikulazimisha? Sema, usiogope."

Aimé, sasa mwanamume mwenye ndevu, aliinuka nyuma. "Mama, sema kweli! Wataniachia nani?"

Askari akamkalisha kwa nguvu. Nilimhurumia kijana yule, na bado nikamwomba Mungu mama yake adanganye. Ndiyo, niliomba hivyo.

Philomène hakugeuka.

"Hakuna mutu alinilazimisha, Muheshimiwa. Nilisema uongo kwa kupenda kwangu."

Juge akarudia swali, polepole. Philomène akajibu vilevile, kwa sauti kubwa zaidi. Wakamfunga.

Faili ya Muhindo imepelekwa Kinshasa, tunangoja. Kesho yake baada ya Philomène kufungwa, nilipika wali na samaki wa Lokandu, nikafunga sahani mbili. Mlinzi wa gereza akazikagua.

"Hii ya pili ya nani?"

"Ya Mama Philomène."

"Philomène? Si njo ule alifungisha kaka yako?"

"Njo yeye," nikamwambia. "Umupelekee mbio, isipoe."