Sheria Imepita

Asubuhi ya kufungua shule, fundi cherehani alikuwa akishona pindo la sketi ya sare huku redio ikisema peke yake juu ya rafu ya vitambaa. Mlango wa duka lake ulitazamana na geti la shule, barabara tu katikati. Binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kasuku kwa kuwa hanyamazi, alikaa mlangoni kwenye kiti chake cha magurudumu, akitafuna mkate na kuisubiri sketi hiyo.

Kasuku alikuwa anaingia darasa la nne kwa mara ya tatu. Hakuwahi kufeli. Darasa la tano lilikuwa ghorofani, na ngazi za kwendea huko zilikuwa nyembamba, zenye kona. Mwalimu mkuu, mtu mpole sana, alishamweleza fundi, mama yake: "Huku chini yuko salama. Halafu la nne analijua vizuri." Hilo lilikuwa kweli. Mwalimu wa la nne akipaliwa katikati ya sentensi, Kasuku aliimalizia.

Redio ikasema kwamba sheria mpya ya elimu imepita.

"Imepita wapi?" fundi akauliza, pini mdomoni.

"Hapa nje," Kasuku akasema. "Ndiyo inapita sasa hivi."

Bibi yake, aliyekuwa kwenye kona akifumua mishono ya gauni la mteja, hakuinua macho. Yeye alishaona sheria zikipita. Ya kwanza ilipita akiwa msichana. Iliwaita watoto kama Kasuku vilema, ikaenda mbio bila kugeuka, na kaka yake asiyeona akabaki kando ya barabara, uso ameuelekeza kule vishindo vilikopotelea. Ya pili iliwaita walemavu. Hiyo ilisimama kidogo, ikamchukua mwanawe wa mwisho, ambaye hakuwa anasikia, ikampeleka shule ya mbali ya wenzake. Alirudi likizo mikono imejaa maneno, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kuyapokea.

"Hii ya leo inawaitaje?" bibi akauliza.

"Watoto wenye mahitaji maalumu," redio ikajibu.

"Jina linazidi kurefuka," bibi akasema, akavuta uzi.

Fundi akatema pini, akatoka. Sheria ilikuwa inatembea katikati ya barabara, imevaa koti la kijivu lililoipwaya kiunoni, pikipiki zikiikwepa na kuipigia honi. Ilitazama mbele tu.

"Samahani," fundi akasema. "Shule ni hii hapa."

"Mimi napita tu."

"Najua. Wenzako nao walipita. Wewe ingia."

Sheria ikasimama. "Sijawahi kukaribishwa mahali," ikasema.

"Basi karibu, mteja wangu." Fundi akaishika mkono wa koti, na kwa mazoea akalikagua. Mifuko haikuwa mifuko. Vilikuwa vifuniko vimeshonewa juu ya kitambaa, chini yake hakuna kitu.

"Walikuwa na haraka," Sheria ikasema kwa aibu. "Waliahidi mifuko itafuata."

Shuleni ilipokelewa vizuri. Wanafunzi walipangwa mstari, mwalimu mkuu akaagiza soda na mrija. Sheria ikajisoma yenyewe kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho: kila mtoto atasoma darasa moja na watoto wa rika lake. Makofi yakapigwa. Kasuku alipiga kuliko wote, kisha akajisukuma hadi chini ya ngazi, begi mapajani.

"Haya," akasema. "Twende juu."

Sheria ikasogea kwenye ngazi ya kwanza. Goti likakataa kukunjika. Ikajaribu la pili, nalo likakataa.

"Sikutengenezewa ngazi," ikasema. "Kule nilikopitishwa ni zulia tupu."

Mwalimu mkuu akatazama saa yake. "Si tatizo. Iwekwe darasa la nne kwa sasa, mpaka mipango ikamilike."

"Mwalimu," fundi akasema, sauti imempanda, "hata sheria yenyewe unairudisha la nne?"

"Mama, tuwe na subira."

"Subira sina. Nina binti."

Mwalimu mkuu akaitikia kwa kichwa, kwa heshima kabisa, akagonga kengele. Darasa la tano wakapanda.

"Halafu si iwekwe," Kasuku akasema. "Ni awekwe. Hamuoni amechoka?"

Tangu hapo Sheria alikuwa anakaa dawati moja na Kasuku, miguu ameinyoosha kwenye njia kwa kuwa magoti hayakuingia chini ya meza. Hesabu zilimpa shida. Akipewa maembe awagawie watoto, kila mara alimsahau mtoto mmoja, na jibu lake lilionekana safi, lisilo na baki.

"Rudia," Kasuku alimwambia. "Na huyu wa mlangoni mhesabu."

Mapumziko walikaa wawili chini ya ngazi. Somo la darasa la tano lilishuka kupitia dirishani, na Kasuku alilirudia kwa ajili yake neno kwa neno, hadi kikohozi cha mwalimu. Fundi alimpunguzia koti kiunoni, akamshonea mifuko ya kweli kwa mabaki ya kitambaa cha sare. Sheria aliweka humo kifutio, chaki, na pipi ambazo Kasuku alikuwa anazificha bibi asizione. Siku chache za mwanzo alikuwa akiingiza na kutoa mkono mfukoni bila sababu, akitabasamu.

Mwisho wa mwaka wote wawili walifaulu. Mwalimu mkuu aliwapongeza, akawaandika darasa la nne.

Asubuhi ya kufungua shule, fundi akiwa ameshairefusha sketi ileile, redio ikasema sheria nyingine imepita. Ng'ambo ya barabara, darasani, pikipiki zilisikika zikipiga honi. Sheria akainua kichwa kutoka kwenye daftari, akatazama dirishani.

"Ni mdogo wangu," akasema. "Tazama anavyotembea. Yeye anadhani anafika mahali."

Kasuku akaondoa begi lake kwenye benchi, akafuta vumbi kwa kiganja.

"Mwite," akasema. "Nafasi ipo. Ila mwambie taratibu, usimshtue, kwamba tunaanzia la nne."