Wembe wa Tata

Msinipoze. Mimi nikikasirika huongea hadi nimalize, na hili la Tata bado sijalimaliza.

Tata ni baba yetu, Mzee Rwekaza, kinyozi wa Mirongo. Wembe wake wa kukunja aliurithi kwa babu, akahama nao kutoka Kagera. Masika iliyopita paa la kibanda lilivuja, droo ikajaa maji, wembe ukashika kutu mpaka ukagoma kufunguka. Tata alikuwa ameshachoka, mikono inatetemeka, anataka kupumzika. Akaniita mimi, Kokulinda, binti yake ninayenyoa naye pale kibandani tangu nimalize shule. Akasema kwa mdomo wake mwenyewe: "Koku, atakayeurudisha wembe huu ndiye atakayeshika nafasi yangu." Kaka yangu Jovitus hakuwepo. Alikuwa nyumbani Pasiansi anacheza drafti.

Basi nikajifunga kibwebwe. Jamani, kusugua wembe wa zamani si kusugua sufuria! Ukiubana msasa kwa vidole vitupu, chuma kinatoka mabonde-mabonde. Lazima uwe na vishikio, na vyangu nilivitengeneza mwenyewe. Nilikata soli ya ndala iliyochakaa, nikaizungushia msasa wa maji, hiyo ikawa ya ubapa. Pale wembe ulipobonyea nilichonga kizibo cha chupa ya divai, nilichomwomba katekista, hadi kikalala humo sawasawa. Karibu na pini ya mpini, ambapo kidole hakifiki, nikatumia kijiti cha aiskrimu. Getruda, mwenye genge la nyanya jirani yetu, alinicheka mpaka basi: "Koku, wenzako ndala wanavaa, wewe unasugulia chuma!" Nikamwambia subiri uone.

Na kabla ya yote niliua makali. Ndivyo Tata alivyonifundisha: unauburuza wembe kwenye kitako cha chupa mpaka uwe butu, la sivyo utajikata ukisugua. Kunoa ni mwisho kabisa, kwenye jiwe, halafu kwenye mkanda wa ngozi. Wembe uliosuguliwa unaweza kung'aa ukajitazama meno, na bado usikate hata uzi.

Jumamosi ulikuwa unang'aa. Jovitus akaja kibandani, kachana nywele. "Tata anataka kuuona tu."

Nikampa. "Bado sijaunoa. Urudishe jioni."

"Usiwe na wasiwasi, dada."

Jioni hakuja. Nikapiga simu, haipokelewi.

Jumapili baada ya misa tulikusanyika kwa Tata, Pasiansi: shangazi Prudencia, wajomba, majirani. Katika ukoo wetu mzee akiacha kunyoa, mrithi wake humnyoa mbele ya watu kwa wembe uleule. Nilitia jiwe la kunolea kwenye mkoba, nikijua watanisubiri kidogo niunoe. Nikampigia Tata magoti.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba," akajibu, lakini hakunitazama usoni. Nikajua kuna jambo.

Akasimama, wembe mkononi. "Tazameni," akasema, "kijana wangu Jovitus ameufufua wembe wa babu yake. Kibanda cha Mirongo ni chake."

Loo! Vigelegele vikapigwa. Mtu huyu alikuwa ananiona kila asubuhi na vipande vyangu vya ndala, vidole vimekunjamana kwa maji! Siku moja alikishika kile kizibo, akakigeuza, akasema, "Hapa umepatia." Leo eti kijana wangu Jovitus! Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Tata akaketi, taulo shingoni, povu mashavuni. Jovitus akaukunjua wembe, akauweka shavuni, akavuta.

Tata alishtuka. Wembe haukunyoa, ulikwangua. Watu hawakuelewa, wao waliona mng'aro tu. Lakini Tata amekuwa kinyozi maisha yake yote. Alijua palepale kwamba makali yameuawa na hayajarudishwa, na alijua ni mkono wa nani. Akageuza macho, akanikuta. Nilikuwa nimeshafungua mkoba, jiwe liko mkononi. Nilikuwa namwomba kimoyomoyo: Tata, niite. Sema tu, "Koku, njoo." Kibanda mpe huyo, lakini sema mbele ya hawa watu kwamba ni mimi. Haki ya Mungu, ningemsamehe.

Chozi la maumivu lilimtoka likaingia kwenye povu. Akalitazama jiwe. Kisha akafumba macho.

"Endelea, mwanangu," akamwambia Jovitus. "Wembe uko safi."

Akaendelea. Nilisikia ndevu zinavyokwanguliwa, nikaona ngozi ya shavu inavyochubuka, na mzee wangu kashika magoti yake kwa nguvu. Alivumilia shavu la kwanza, akageuza la pili. Yote hayo ili asitamke jina langu. Shangazi Prudencia akapiga kigelegele kingine. Nikarudisha jiwe mkobani, nikaondoka bila kuaga.

Jioni Jovitus akapiga simu, sauti ya upole. "Dada, Tata anakuomba uje uunoe ule wembe."

"Amesema hivyo mbele ya nani?"

"Ameninong'oneza."

Nikakata simu.